Maji hayana nguvu bombani? Usiyavute kwa pampu kutoka bomba la mtaa



Ndugu msomaji, wiki hii safu yetu inaingia mahali ambapo huenda hukutarajia kumkuta tabibu: nyuma ya nyumba, kwenye mita ya maji, pale bomba linapoingilia. Umezoea kusoma hapa habari za malaria, minyoo na kunawa mikono. Leo ni presha ya maji ya nyumbani kwako, namna ya kuiongeza na kuipunguza bila kujidhuru wala kumdhuru jirani. Tafadhali usimwachie fundi ukurasa huu peke yake, kwani anayekuja kuugua baadaye si fundi.

Hali yenyewe tunaifahamu sote, hasa sisi wa Dar es Salaam. Maji yanakuja kwa zamu, na yakija yanachuruzika. Tenki la juu halijai, shawa inatoa nyuzi tatu za maji, na mama anasimama bombani nusu saa kujaza ndoo moja. Oktoba 2022, maji ya mto Ruvu yalipopungua na mgawo ukatangazwa, wengi walikata shauri moja: kununua pampu ndogo ya umeme na kuifunga moja kwa moja kwenye bomba linalotoka mtaani. Ukiiwasha, maji yanakuja kwa kishindo. Jirani wa pili naye yake yanakatika, basi naye ananunua pampu. Baada ya muda mtaa mzima unavutana kama watu wa mchezo wa kamba.

Jambo hili tumelizoea mno, na ndilo ninalotaka tuliangalie kwa jicho la afya.

Bomba linavuja nje, na linaweza kuvuja ndani

Mabomba ya mitaani mwetu hayako mazima yote. Mengine yana viungio vilivyolegea, mengine yamepita ndani ya mtaro wa maji machafu, mengine yako hatua chache tu kutoka shimo la choo au karo la jirani. Siku zote tunaona maji yakivuja kutoka kwenye bomba na kulowesha njia. Hiyo ni hasara, lakini kiafya kuna nafuu ndani yake: maji yanasukuma kwenda nje, kwa hiyo uchafu hauna njia ya kuingia.

Sasa washa pampu. Pampu haizalishi maji, inayavuta. Ikivuta kwa nguvu kuliko maji yanavyokuja, ndani ya bomba panakuwa na mvuto badala ya msukumo, kama mtoto anavyonyonya soda kwa mrija. Lile tundu lililokuwa likivujisha maji safi nje, sasa linanyonya kilicho nje kwenda ndani. Ikiwa kilicho nje ni maji ya mtaro, ndicho kinachopanda kwenye tenki lako. Na tundu hilo si lazima liwe kwako. Linaweza kuwa nyumba ya tatu, na uchafu ukaishia kwa mtu ambaye hata pampu hana, kwa sababu bomba ni moja.

Mfano mmoja ni maarufu sana katika masomo ya afya ya jamii. Mwaka 1969, huko Worcester, Marekani, karibu timu nzima ya mpira wa Kimarekani ya chuo cha Holy Cross iliugua homa ya ini, na msimu wao ukafutwa. Wachunguzi walifuatilia wakakuta kwamba moto ulizuka sehemu nyingine ya mji, wazimamoto wakavuta maji mengi, presha ikashuka. Karibu na uwanja wa mazoezi kulikuwa na vitundu vya kumwagilia vilivyokuwa chini ya ardhi, maji yametuama humo, na watoto wenye maradhi hayo walikuwa wakichezea. Presha iliposhuka, maji yale yakanyonywa hadi kwenye bomba walilokunywa wachezaji. Hiyo ni nchi yenye mabomba mazuri, na ilitosha saa chache za mvuto. Kwetu pampu zinawashwa kila usiku.

Nasi tuna kumbukumbu zetu. Kipindupindu kilichozuka Agosti 2015 hapa Dar es Salaam kilienea mikoa mingi ya Bara hadi Zanzibar. Sisemi kililetwa na pampu. Nasema tu kwamba vijidudu vya maradhi haya hutoka kwenye kinyesi na kuingia mdomoni, na bomba linalonyonya mtaro ni njia fupi kabisa baina ya viwili hivyo. Homa ya matumbo, kuhara damu na homa ya ini nazo hupita njia hiyo hiyo.

Msimu mmoja wa mvua tulipokea zahanatini watoto wa nyumba tatu zinazopakana, wote wanaharisha, ndani ya siku nne. Mama mmoja alisema maji yao "ni ya bomba", akiwa na maana kwamba ni salama. Bwana afya alipokwenda kufukua, alikuta kiungio kimeachia, kimezama kwenye maji ya karo lililofurika. Nyumba mbili kati ya tatu zilikuwa na pampu juu ya mita.

Kuna jambo la tohara pia. Katika fiqhi ya Imam Shafi ambayo wengi wetu tumesomeshwa chuoni, maji yasiyofika kulateni, takriban pipa moja la lita 200, yakiingiwa na najisi yananajisika hata kama hayakubadilika rangi, ladha wala harufu. Ndoo yako ya lita 20 iko mbali sana na kiwango hicho. Tenki la lita 1000 limekivuka, na linaweza kubaki tohara kwa kutawadhia ikiwa maji hayakubadilika. Lakini hapa tabibu ana neno: vijidudu vya kipindupindu havina habari na kulateni. Maji kufaa kwa udhu si sawa na kufaa kwa kunywa.

Anza na yasiyotaka pampu

Kabla hujatoa hata shilingi, jua tatizo liko wapi. Fungua bomba la kwanza baada ya mita, lijaze ndoo ya lita 20, utazame saa. Likijaza kwa dakika mbili au pungufu, mtaani maji yapo ya kutosha na tatizo liko ndani ya nyumba yako. Hapo pampu haitakusaidia, itaficha ugonjwa tu.

Na maradhi ya ndani ya nyumba mara nyingi ni madogo. Koki iliyofunguliwa nusu na kusahaulika tangu fundi wa mwisho. Chujio la mdomo wa bomba lililojaa mchanga. Kichwa cha shawa kilichozibwa na chumvi, hasa kwa wanaotumia maji ya kisima: kifungue, kilaze ndani ya siki usiku kucha, asubuhi kisugue kwa mswaki wa zamani. Tenki likikauka kabisa na kujaa tena, hewa hunasa katika bomba na maji yakakataa kushuka. Fungua mabomba yote ya nyumba pamoja, ukianza na la chini, uache yakohoe mpaka hewa itoke.

Kisha tazama unene wa mabomba. Mafundi wengi wanashusha bomba la nusu inchi kutoka tenkini hadi kwenye matundu sita ya nyumba, eti kubana gharama. Bomba la inchi moja lina nafasi mara nne ya lile la nusu inchi. Kubadilisha bomba moja tu la kushukia, lile kuu, kunaweza kukuponya kabisa.

Halafu kuna urefu. Presha ya tenki haitokani na wingi wa maji bali na kimo chake. Kila mita 10 za kimo hutoa takriban bar 1 ya presha. Tenki lililo mita 3 juu ya shawa lina bar 0.3 tu, ndiyo maana maji ni laini. Ukilipandisha mita 2 zaidi utaona tofauti. Lakini ewe baba mwenye nyumba, lita 1000 za maji ni tani moja. Usilipandishe tenki juu ya mbao za paa zilizowekwa kwa ajili ya mabati, kwa sababu ya neno la fundi kwamba "zitashika". Mnara uwe wa zege au chuma, wenye msingi wake, na mahali pa kukaa tenki pawe bapa kote.

Pampu mahali pake

Ikiwa maji ya mtaani kweli ni dhaifu, pampu ina nafasi yake halali, nayo ni baada ya tenki la chini. Maji ya mtaa yaingie yenyewe, kwa nguvu yake ndogo, kwenye tenki lililo usawa wa ardhi, lenye boya la kufunga likijaa. Hata maji yanayochuruzika usiku kucha yanajaza tenki. Kisha pampu ivute kutoka tenki hilo kwenda la juu. Hapo unavuta maji yako, haumnyonyi mtu, na bomba la mtaa halijui kama una pampu.

Mdomo wa bomba linalojaza tenki ukae juu ya usawa wa maji, pawe na uwazi wa angalau inchi mbili, usizame. Uwazi huo ndio kinga bora kuliko valvu yoyote, kwa sababu maji hayawezi kurudi nyuma kwa kuruka hewani. Tenki la chini liwe mbali na karo, upande wa juu wa mteremko, na mfuniko wake uinuke juu ya ardhi ili mvua isiingie. Baada ya mita, funga ile valvu isiyoruhusu maji kurudi, wanayoiita mafundi nonritani.

Najua wapo watakaosema tenki la pili ni gharama. Ni kweli, na kwa mpangaji wa chumba kimoja ni mzigo. Lakini mapipa mawili yenye mifuniko, yakijazwa usiku kwa mpira ambao mdomo wake hauzamishwi, yanafanya kazi ile ile.

Kuirekebisha presha

Walio na pampu ya kusukuma maji moja kwa moja kwenye mabomba ya nyumba wana kijisanduku kidogo kiitwacho presha swichi. Hiki ndicho kinachoiwasha pampu presha ikishuka na kuizima ikipanda. Mara nyingi kiwandani huwekwa iwake kwenye bar 1.4 na kuzima kwenye bar 2.8. Kwa nyumba ya kawaida hicho kinatosha kabisa.

Ndani ya kijisanduku kile kuna umeme ule ule unaoua. Kabla ya kukifungua zima swichi kubwa ya nyumba, si swichi ya pampu tu, na mweke mtu aangalie asije mtoto akaiwasha. Thibitisha kwa tesa. Usisimame juu ya sakafu yenye maji. Pampu yoyote iwe na waya wa ethi na breka inayokata umeme unapovuja; kama huna hivyo viwili, ishia hapa na mwite fundi umeme mwenye leseni. Kuna nati mbili zenye springi. Ile kubwa hupandisha au kushusha vipimo vyote viwili kwa pamoja. Ile ndogo hubadilisha tofauti baina yake, nayo ni afadhali usiiguse. Zungusha kubwa robo mzunguko, funika, washa, fungua bomba, tazama geji. Kisha tena. Usizungushe mara tatu kwa pupa.

Kama kuna presha tenki, lile pipa dogo lenye hewa, hewa yake ipimwe maji yakiwa yametolewa yote, na iwe pungufu kidogo, kama bar 0.15, ya kipimo cha kuwashia. Pampu inayowaka na kuzima kila sekunde chache mara nyingi inalalamikia hewa hiyo.

Wengine wana tatizo la kinyume. Nyumba iliyo bondeni ikipokea maji ya tenki lililo mita 60 juu kilimani, kama ilivyo rahisi kutokea katika miji ya milima mfano wa Mwanza, inabeba bar 6. Dalili zake ni bomba kugonga unapofunga koki kwa ghafla, mipira kupasuka usiku, na choo kisichoacha kuvuja. Nunua geji, ifunge kwenye bomba la nje wakati hakuna anayetumia maji, na upime mara mbili, mchana na usiku wa manane, kwani usiku wengi wamelala na presha hupanda. Kati ya bar 1.5 na 3 uko vizuri. Ikivuka 5, funga valvu ya kupunguza presha baada ya mita. Huwa na parafujo juu yake: legeza nati ya kuikaza, kisha kwa nyingi ya valvu hizi ukizungusha kufuata saa presha hupanda, kinyume chake hushuka. Robo mzunguko kila mara, ufungue bomba kidogo na kulifunga, ndipo usome geji. Kubana koki kuu nusu hakupunguzi presha, kunapunguza wingi tu. Mabomba yote yakifungwa presha inarudi pale pale.

Hita ya maji

Hapa naomba uangalifu wa pekee. Mwenye hita ya tenki chooni ana valvu ndogo ya usalama chini yake, na maji yanapochemka hudondosha matone. Matone hayo ni kazi yake. Maji yakipata moto hutanuka, na lazima yapate pa kutokea, hasa ukishafunga nonritani na pampu kwa sababu hayawezi tena kurudi nyuma bombani. Nimeona valvu hiyo imezibwa kwa plagi, imefungwa kwa mpira wa baiskeli, hata kuchomewa, eti inachafua ukuta. Hita iliyozibwa ikiharibikiwa na kidhibiti joto chake inaweza kulipuka na kubomoa ukuta. Kama inadondosha mfululizo hata ikiwa baridi, presha yako iko juu au valvu imekufa. Badilisha valvu, usiizibe. Ipachikie kijibomba kinachoshuka hadi kwenye tundu la sakafu na ukuta wako utabaki mkavu.

Mpira wa kutawadhia chooni

Mpira huu ni neema, lakini una mambo mawili. La kwanza, ukiachwa umelala ndani ya bakuli la choo au ndoo, presha ikikatika unanyonya kama nilivyoeleza juu, na safari hii uchafu unatoka ndani ya nyumba yako mwenyewe. Uning'inizwe ukutani, juu, na koki ya ukutani ifungwe kila baada ya kutumia; kichwa chake hakikutengenezwa kuhimili presha usiku kucha, ndiyo maana hupasuka watu wakiwa kazini na nyumba ikafurika.

La pili ni nguvu. Kwa presha kubwa, maji yanagonga najisi na kurudisha matone kwenye nguo, ukutani na kwenye ndala. Mwenye kujali swala yake anajua maana ya matone hayo, na mimi nakwambia vijidudu vya kuhara vimo humo. Punguza kwa koki ya ukutani mpaka maji yatiririke bila kurusha.

Na kwa anayesema bomba dhaifu halimtoshi kutawadha, imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, ambayo kwa vipimo vyetu haizidi robo tatu ya lita. Kikombe kikubwa cha chai na nusu yake. Shida ya presha katika nyumba zetu kwa hakika ni ya shawa na mashine ya kufulia.

Ikiwa umeshaivuta

Kama pampu yako sasa hivi iko juu ya bomba la mtaa, izime leo. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote sawasawa kwa dakika moja, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo cha kwenye chupa. Maji yanayokuja baada ya mgawo, yale ya kwanza ya rangi ya chai, yaachie bustanini dakika kadhaa kabla ya kuyaelekeza tenkini.

Mtu akianza kuharisha majimaji meupe kama maji ya mchele, usingoje kesho. Mpe maji ya ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, anywe kidogo kidogo hata akitapika, na mpeleke kituo cha afya akiwa anakunywa njiani. Mtoto aendelee kunyonya. Mwambie tabibu kuhusu maji ya nyumbani, na kama majirani nao wanaugua, kwani taarifa hiyo ndiyo itakayomtuma bwana afya kwenda kufukua.

Wiki ijayo, inshaallah, tutaosha tenki lenyewe: dawa kiasi gani, kwa saa ngapi, na nini cha kufanya na tope la chini. Kabla ya hapo pima lita za tenki lako na uziandike mahali, utazihitaji.